Mtaa wa juu wa Spangen, Rotterdam: siri ni upana wa baraza au idadi ya milango?

MchoraGhorofa
Wakuu, nalinganisha nyumba za kupanga za bei nafuu za Uholanzi ambazo milango yake inafungukia baraza refu la nje badala ya ngazi ya ndani. Jengo la Justus van Effen pale Spangen, Rotterdam (Michiel Brinkman, 1919–1922) linasifiwa mpaka leo. Bijlmermeer (au Bijlmer), mtaa wa maghorofa marefu wa Amsterdam, nao ulikuwa na mabaraza, lakini sehemu kubwa imeshabomolewa. Maelezo mengi yanaishia kwenye "mtaa wa angani" basi. Tofauti hasa iko wapi? Na slabu (bamba la zege) ya baraza inayoning'inia nje ya ukuta hivyo huharibikia wapi?

KonaYaZege
Mkuu, anza na mchoro wa mkato (jengo likiwa kama limekatwa wima), achana na picha. Jengo la Spangen lina sakafu nne ukihesabu na ya chini. Nyumba za chini na za ghorofa ya kwanza zinaingiliwa kutoka uani, hazina habari na baraza. Baraza liko ghorofa ya pili, na nyumba zake ni za sakafu mbili: sebule na jiko usawa wa baraza, vyumba vya kulala juu yake. Mpita njia hapiti kwenye dirisha la aliyelala. Wanaoiga husahau hapo.

Upana ni mita 2.2 hadi 3.3. Mkokoteni wa maziwa ulipandishwa kwa lifti ya mizigo, ukazungushwa mlango kwa mlango, na nafasi ya watoto kucheza ikabaki. Baraza la mita 1.2 ni kichochoro: weka kiti kimoja, jirani hapiti.

Halafu hesabu ngazi za kupandia: ziko 10, pamoja na lifti 2 za mizigo, kwa jengo zima la nyumba 264 za awali, na karibu nusu yake hazitumii baraza. Kwa hiyo kila ngazi hutumiwa na nyumba chache.

MchoraGhorofa
Kwa hiyo tatizo la Bijlmer ni urefu tu?

Mpimaji_K
Hapana, ingawa urefu ulichangia. Chukua Kleiburg, jengo mojawapo la Bijlmer: ghorofa 10 juu ya ile ya chini, urefu wa mita 400 hivi, nyumba 500. Chini kabisa palijaa stoo, kwa hiyo anayetembea nje alikutana na kuta tupu, hakuna dirisha wala mtu. Ongeza metro iliyochelewa hadi 1977 na kodi iliyowashinda waliolengwa.

Jengo hilo liliponusurika kubomolewa, wasanifu wa NL Architects na XVW walihamishia stoo juu, karibu na lifti, wakaweka nyumba pale chini, na wakapanua mapito ya kukatiza chini ya jengo. Mabaraza yenyewe hayakuondolewa! Tuzo ya usanifu majengo ya Mies van der Rohe ya 2017 ilikwenda kwao.

NondoJuu
Nijibu la slabu. Slabu inayoning'inia huvutika upande wa juu, kwa hiyo nondo kuu lazima zikae juu. Mafundi wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege zinashuka, na sentimita mbili kwenye slabu nyembamba ni hasara kubwa ya nguvu. Ufa hutokea juu, pale slabu inapokutana na ukuta. Kipupwe kikija, chumvi ya kuyeyushia barafu huingia humo na maji, nondo zinaliwa kwa vishimo, na ukitazama kutoka chini huoni kitu.

Ndivyo ilivyokuwa Antillenflat, Leeuwarden, Mei 2011: mabaraza ya juu yaliangukia ya chini yake. Baada ya hapo wamiliki wa majengo ya aina hiyo walitakiwa kuyakagua.

Ukikagua: pima kina cha nondo kwa kifaa cha kuzitafuta, chukua unga wa zege kwenye mstari wa ufa upimwe kloridi (ile chumvi), na usiridhike na rangi mpya. Ukijenga upya, tenga slabu na sakafu ya ndani kwa kiungio chenye kihami joto. Slabu ikipenya ukuta moja kwa moja hupeleka baridi ndani, na kona ya dari inaota ukungu.

KonaYaZege
Nyongeza: Spangen unayoiona leo si ya 1922. Ukarabati wa miaka ya 1980 uliunganisha nyumba ndogo na kupaka matofali ya uani rangi nyeupe; ule uliokamilika 2012 uliiondoa, na zikabaki nyumba 154. Ukihesabu nyumba kwa kila ngazi ya kupandia, anza na 264 za awali, si 154.