"Vibarua mlango wa nyuma": nimeambiwa hivi leo, hela ninayo mkononi

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Lile duka la marumaru mnalijua, na yule mlinzi mnamjua, yule anayesimama mlangoni kama analinda Benki Kuu. Leo nimetoka saiti Madale, nina ndala, suruali ina saruji, vumbi mpaka kwenye kope. Kwenye bahasha ya kaki nina milioni 1.8. Nafika mlangoni, ananiwekea kirungu kifuani: "Vibarua mlango wa nyuma."

Vibarua mlango wa nyuma! Nyumba ni yangu, kiwanja changu, jasho langu!

Namwambia nataka boksi 60, zile za 60 kwa 60. Hasikii, anaangalia ndala tu. Dada wa mauzo kacheka mpaka kashikilia kaunta. Mara akaja jamaa kachomekea, moka zinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Huyo kafunguliwa mlango kwa mikono miwili, "karibu bosi". Bosi kauliza bei ya sinki, kapiga picha, kaondoka. Hajanunua hata msumari! Mimi niko juani na bahasha yangu, eti mlango wa nyuma!

Mwaka 2020 Mzee Laizer wa Mererani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya bilioni 7, na alivaa rubega yake. Angefika pale, kirungu kifuani! Mwenye saruji kwenye suruali ndiye anayejenga, nyie! Nani anamwaga zege na tai?

Kishoka wa Tegeta: Pole mkuu. Sasa ulipita nyuma au hukupita?

Mleta uzi: SIKUPITA! Nimenunua duka la jirani.

Mzee wa Fitina: Weka picha ya ndala tuamue.

Chausiku: Afadhali wewe, vumbi linanawika. Mimi ni mweusi tii, kila harusi naitwa "dada, ongeza soda meza ile", na mchango nimetoa laki mbili! Mdogo wangu kajikoroga kawa kama embe bivu, yeye anawekwa meza za mbele. Hydroquinone na zebaki, kemikali za kujichubua, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, yeye anapaka asubuhi na jioni.

Mheshimiwa Bila Jimbo: Nyie mnadharauliwa, mimi naheshimiwa na ndiyo balaa. Kitambi hiki, kila msiba napewa kiti cha mbele halafu naandikiwa laki tano bila kuulizwa. Mfukoni nina nauli ya daladala!

Kishoka wa Tegeta: Kitambi cha bia au cha chipsi mayai?

Mheshimiwa Bila Jimbo: Cha ukoo.

Mleta uzi: Jamani tusitoke nje ya mada. Kanigusa na KIRUNGU. Kasema VIBARUA MLANGO WA NYUMA.

Mzee wa Fitina: Chausiku, huyo mdogo wako kaolewa?