Re: Re: Stamp 1 (ruhusa ya mfanyakazi mgeni kukaa Ireland) na nyasi za jirani (BARUA, naomba msaada)

Mama Zawadi, Roscommon
Wapendwa, salaam. Niko huku Ireland kwa GEP, kibali cha kazi cha kawaida, nahudumia wazee. Juni nilimsaidia mzee jirani kugeuza nyasi na kusimamisha turf (vipande vya udongo wa kinamasi, vikikauka ni kuni) vikauke, akanipa trela moja ya turf ya kuwasha baridi ikija. Sasa naomba IRP mpya, ile kadi ya ukaazi, nimeletewa barua nieleze "malipo yasiyo ya fedha". Sijui nani kasema. Najaza fomu gani?

Babu K., Athlone
Pole mwanangu. Enzi za GNIB, polisi wa uhamiaji, mimi niliitwa kisa chapati za kuuza kanisani. Padri akaniandikia barua, yakaisha. Ila usihame mwajiri kabla ya mwaka kuisha!

Otieno, Galway
Mzee, hiyo ni stori ya kale. Tangu Septemba 2024 ni miezi 9, si 12. Na kadi ya GNIB iliondoka 2017. Tusome kwanza ndiyo tujibu.

Babu K., Athlone
Nimeanza kusoma hujazaliwa, kijana. Na chapati zilikuwa za kweli.

Shemeji, Castlebar
Kwani hiyo ni kazi? Hiyo ni meitheal. Huku Mayo jirani alimvunia jirani oti kwa mundu, kesho zamu yake, ujira ni chai na viazi. Msaragambo wetu wa Upare mtupu. Na anayedhani mtu anasimamisha turf kwa tamaa ya pesa hajawahi kuinama: vipande vitano sita, vichwa vinaegemeana, upepo upite katikati, unahamia fungu lingine hadi jioni. Mashine inakata, kusimamisha bado ni mkono. Nendeni makumbusho ya Turlough Park, bure, mkaone sleán ya kukatia turf, ina bawa pembeni, na loy, lile sepetu jembamba la kupandia viazi, kikanyagio upande mmoja tu. Nililinyanyua loy la baba mkwe, nikalikumbuka jembe la bibi.

Otieno, Galway
Hiyo turf yenyewe tangu Oktoba 2022 huwezi kuitangaza mtandaoni wala kuiuza dukani. Kumpa jirani ruksa. Wakubwa wa Dublin wana gesi, wa Roscommon aote nini? Kama kwetu Kenya 2018, misitu ikafungwa watu wasikate miti, bei ya makaa ikapaa, waliofunga wanapikia gesi.

Mama Zawadi, Roscommon
Asanteni wote. Na fomu?

Shemeji, Castlebar
Dada, huyo mzee bado ana lile fyekeo la mpini mrefu? Asilitupe, kuna mtu analitafuta.