Kid Icarus ya NES: naanzaje bila kufia chini kabisa?

kijana_wa_gati

Wakuu habarini. Nimeanza kucheza Kid Icarus, ile ya zamani ya NES (mashine ya gemu ya Nintendo ya miaka ya 1980), kupitia Switch, mashine yao mpya zaidi. Hatua ya 1-1 napanda kidogo, nadondoka, nakufa. Nikifika 1-2 kwa bahati, nakuwa na uhai mstari mmoja tu na mishale haifiki popote. Maswali yangu:

Kwa nini nikianguka chini nakufa wakati sekunde mbili zilizopita palikuwa na pa kukanyaga? Mioyo ninayookota mbona hainiponyi? Na hii milango inayoonekana njiani, niingie yote au niiache? Kuna mahali niliingia nikapiga mitungi, vitu vyote vikapotea.

---

mshale_mfupi

Karibu mkuu. Hii gemu imepinduliwa. Gemu nyingi huanza kwa upole kisha hukaza kamba. Hii hukukaba shingo mwanzoni, halafu inalegea kadiri Pit, mhusika unayemchezesha, anavyopata nguvu. Hatua 1-1 mpaka 1-3 ni ngumu kuliko karibu zote zinazofuata. Kwa hiyo usijipime kwa hizo, na usikimbilie juu. Kazi yako katika hatua hizo tatu ni kumkuza Pit. Kufika mlangoni ni jambo la pili.

Kuhusu kuanguka: dunia ya kwanza, yaani kuzimu, unaipanda wima. Skrini inasogea juu unapopanda, lakini hairudi chini. Kilichotoka kwenye ukingo wa chini hakipo tena, hata kama ni jiwe ulilolikanyaga sasa hivi. Ukishuka chini ya ukingo huo umekufa, hata uhai ukiwa umejaa. Ndiyo maana kabla ya kuruka, usiangalie tu unakokwenda. Angalia pia kama kuna kitu chini ya njia ya mruko wako kitakachokupokea ukikosea. Kama hakipo, tafuta upande mwingine.

Na upande mwingine upo, kwa sababu ukingo wa kushoto na wa kulia vimeungana. Ukitokea kushoto unaingilia kulia, kwa kimo kilekile. Wageni wengi hung'ang'ania kuruka pengo kubwa katikati ya skrini wakati hatua tatu za kutembea kushoto zingewafikisha ng'ambo. Maadui nao huvuka ukingo hivyo hivyo, kwa hiyo usisimame pembeni ukidhani mgongo wako uko salama.

Kosa la tatu linaua watu kimya kimya: kitufe cha chini. Pit akichutama juu ya jukwaa jembamba anapenya na kudondoka. Ukibonyeza chini kukwepa adui ukiwa kwenye jukwaa la mwisho chini ya skrini, umejiua mwenyewe. Chutama kwenye jiwe nene tu.

---

hesabu_za_mioyo

Naongezea kwenye mioyo. Hiyo ni pesa, haina uhusiano wowote na uhai. Mdogo ni 1, wa kati 5, mkubwa 10, na mfuko unaishia 999. Uhai wako ni ule mstari wa pembeni, na unauponya kwa njia nyingine: chemchemi za maji moto ambazo ziko nyuma ya baadhi ya milango (simama majini mpaka mstari ujae, usitoke mapema kwa haraka zako), na maji ya uhai unayonunua dukani. Maji hayo hayanywewi kwa kitufe. Yanakaa mfukoni, uhai ukiisha yanajimwaga yenyewe na kukurudisha. Ukipata pipa unaweza kubeba chupa zaidi ya moja, na hapo ndipo gemu inabadilika sura.

Sasa urefu wa mstari wenyewe. Unaongezeka kwa pointi, na hesabu inafanywa ukimaliza hatua, si katikati. Kwa hiyo anayepanda mbio akiwakwepa maadui anafika 1-2 na mstari mmoja, kama ulivyofika wewe, halafu analalamika. Anayeua kila kinachokuja anafika akiwa na kifua.

Fanya hivi kwenye 1-1. Nyoka wanaodondoka kutoka juu, Shemum, huja wanne wanne. Wakigusa chini hutambaa na kuporomoka jukwaa kwa jukwaa. Tafuta jukwaa pana lenye nafasi pande zote mbili, simama, waache watue usawa wako ndipo upige. Usiwapige wakiwa mbali, kwa kuwa mshale wa mwanzo unakwenda sehemu ndogo tu ya skrini kisha unatoweka. Pia Pit anaweza kupiga juu lakini hawezi kupiga chini. Adui aliye chini yako ni wa kusubiri apande au wa kumwacha. Kundi likiisha, subiri kidogo kama linakuja jingine kabla hujapanda. Inachosha, sikatai, lakini dakika tano hapo zinalipa kuliko ujanja wowote wa baadaye.

---

mlango_wa_saba

Milango: ingia yote ambayo unaweza kuifikia bila kuhatarisha maisha. Hakuna mlango wa kuua moja kwa moja. Ila ujue umeingia wapi.

Kuna duka la kawaida na kuna duka la magendo, ambalo ni ghali zaidi. Bidhaa ya kwanza ya kununua ni maji ya uhai. Ya pili ni unyoya wa malaika: ukidondoka chini ya skrini, unyoya unakuinua na unapata muda mfupi wa kuelea hadi pa kukanyaga. Kwa mtu anayekufa kwa kuanguka kama wewe, unyoya mmoja unaweza kuwa na thamani kuliko chupa. Nyundo usinunue nyingi mapema, zina kazi ngomeni tu.

Bei inapatanwa! Ukiwa mbele ya muuzaji bonyeza A na B kwa pamoja kwenye pedi ya pili. Anaweza kushusha, anaweza pia kukasirika na kupandisha. Kwenye Famicom, yaani NES ya Japani, pedi ya pili ilikuwa na maikrofoni, na mchezaji alipatana kwa kuongea humo. Kwenye Switch itabidi usajili pedi ya pili. Usijaribu kama una mioyo inayotosha barabara kwa kitu unachokihitaji, maana bei ikipanda umekosa vyote.

Chumba cha mitungi ndicho kilichokupiga. Mitungi ni minane, na katika mmoja amekaa mungu wa ufukara. Ukimpasua, kila ulichofichua kinatoweka. Vitu vinavyotoka kwenye mitungi havijawa vyako mpaka uviguse, kwa hiyo hesabu yake ni ya mcheza kamari: pasua miwili au mitatu, okota, toka. Ukitaka kupasua saba na kumwacha mungu wa ufukara awe wa mwisho, kuna zawadi nono, lakini kwa mtu aliye 1-2 na uhai mstari mmoja hiyo ni tamaa ya fisi.

Chumba chenye mzee mwenye ndevu ni cha mungu anayeongeza nguvu ya mshale. Hapa wengi hukasirika: wanaingia, anawaambia maneno, hawapewi kitu. Gemu inaweka hesabu ya siri ya namna unavyocheza. Kuua maadui na kuokota mioyo kunakupandisha. Kuumizwa na kumwaga mishale hewani kunakushusha. Anayebonyeza B, kitufe cha mshale, mfululizo kama anatwanga karanga hujinyima nguvu mwenyewe. Piga ukiwa na uhakika.

Chumba cha mafunzo vitu vinaruka kutoka pande zote na wewe unatakiwa kustahimili. Ukishinda unachagua silaha moja kati ya tatu: upinde mtakatifu unaorefusha mshale, mshale wa moto, au vito vinavyokuzunguka. Mimi huwa naunga mkono upinde kwanza, kwa sababu tatizo kubwa la mwanzo ni umbali. Silaha hizi hutegemea uhai. Ukishuka sana zinazimika mpaka upone. Usiingie chumba hiki ukiwa taabani.

---

kijana_wa_gati

Shukrani wakuu, sasa naelewa kwa nini yule mzee hakunipa kitu. Nilikuwa nabonyeza B muda wote. Huyu mwenye mundu anayetembea juu ya jukwaa, akiniona muziki unabadilika na vinakuja vidogo vidogo vinaruka. Anapigwaje? Na ngome ya 1-4, nimesikia mtu anageuzwa biringanya.

---

mshale_mfupi

Huyo ni Reaper. Macho yake yako mbele tu. Akikuona anachachawa na kuita watoto wake, na hao watoto ndio wanaomaliza watu kuliko yeye. Kwa hiyo usipande jukwaa lake akiwa anatazama upande wako. Kaa jukwaa la chini, mwache ageuke, panda, mpige mgongoni, shuka kabla hajarudi. Angalia: kuna wakati anageuza kichwa ghafla nyuma, kisha anarudi mbele. Usipige mshale wa mwisho kwa tamaa, rudi chini ukiwa bado na nafasi. Anavumilia mishale mingi wakati nguvu yako iko chini, ndiyo maana kazi ya yule mzee mwenye ndevu ina maana. Na kama jukwaa lake unaweza kulipita kwa ukingo wa skrini, mpite. Hana deni na wewe.

---

ramani_na_mwenge

Ngome ni gemu nyingine kabisa. Hakuna kupanda wima, ni vyumba vya skrini moja moja vilivyopangwa kama mraba, ngazi na milango kila upande, na unaweza kurudi ulikotoka. Kuanguka hakuui hapo. Kupotea ndiko kunakoua.

Vitu vitatu vya kutafuta: karatasi ya ramani, penseli na mwenge. Ramani peke yake inaonyesha mpangilio wa vyumba, penseli inatia alama ulipopita, mwenge unaonyesha ulipo. Ukibonyeza Start gemu inasimama na unaviona. Kama mioyo haitoshi vyote, chora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, mraba wa vyumba nane kwa nane, na utie alama tatu tu: chemchemi, duka, hospitali. Hospitali ndiyo muhimu.

Kwa sababu ya biringanya. Mchawi wa biringanya anarusha biringanya kwa mkunjo, juu kisha chini. Ikikupata, Pit anakuwa biringanya yenye miguu: anatembea, anaruka, lakini hapigi mshale. Hakuna dawa isipokuwa kwenda hospitali ya ngome hiyo, kwa miguu, ukipita kwa maadui bila silaha. Usipojua hospitali ilipo utazunguka mpaka uhai uishe. Kwa hiyo sheria ni moja: tafuta hospitali kwanza, ndipo uende vyumba vya wachawi. Ukiingia chumba chao na wako wawili, toka mara moja kwa mlango ulioingilia ujaribu tena. Simama karibu naye ili biringanya zipite juu ya kichwa chako, piga, rudi nyuma.

Nyundo sasa. Ngomeni kuna sanamu za mawe. Hao ni askari wa Palutena, mungu wa kike wa nuru, waliogeuzwa mawe na Medusa, adui mkuu wa gemu. Badili upinde kwa nyundo, gonga sanamu, askari anatoka. Utamwona tena kwenye chumba cha mkubwa wa ngome, akipiga mishale pamoja nawe. Kwenye 1-4 mkubwa ni Twinbellows, mbwa wa vichwa viwili anayetema moto. Askari wachache tu wanamgawanya moto na kukupa nafasi. Ukimwangusha unapata hazina ya kwanza kati ya tatu. Zote tatu, yaani ngao ya kioo, mishale ya nuru na mabawa ya Pegasus, utazivaa mwishoni kabisa kumkabili Medusa.

---

mjukuu_wa_Daidalo

Neno moja kwa wapenda hadithi za Wayunani: msimtafute Icarus humu. Mhusika anaitwa Pit, ni malaika, na Icarus wa hadithi, yule wa mabawa ya nta aliyekaribia jua, ameazimwa jina tu. Kwa Kijapani gemu hii, iliyotoka tarehe 19 Desemba 1986 kwa Famicom Disk System, haikuwa na jina lake kabisa. Ilitajwa kwa kioo cha Palutena. Medusa wa Wayunani hakuwa mungu wa giza, alikuwa Gorgoni aliyeweza kufa, na Perseus alimkata kichwa akimtazama kupitia ngao inayong'aa. Ngao ya kioo imetoka hapo. Pegasus naye, kwa Wayunani, alizaliwa na damu ya Medusa huyohuyo, kwa hiyo Pit anamwendea na mabawa ya mwanawe. Mungu wa ufukara ndani ya mtungi ni wa Kijapani. Na ukifika dunia ya mbinguni utakutana na viumbe wanaofanana mno na wale wa gemu ya Metroid. Gemu hizo mbili zimetoka idara moja ya Nintendo, mwaka mmoja.

---

hesabu_za_mioyo

Turudi kwenye kucheza. Kwa kuwa uko Switch, hifadhi pale unapotoka chemchemini, si pale ulipo hewani. Kuna watu wamehifadhi wakiwa wanadondoka, wakibaki na faili lisilo na matumizi. Uwezo wa Switch wa kurudisha mchezo nyuma utumie kwenye miruko tu. Ukitumia kwenye kila pigo utafika 1-4 bila kujua Reaper anageukaje.

Mwenye katriji hana hayo. Ana nywila ya herufi 24, na O na 0 zinachanganya, kwa hiyo piga picha badala ya kuandika. Kuna moja maarufu inayokubaliwa na gemu, ICARUS FIGHTS MEDUSA ANGELS, lakini iache kwanza. Itakuvusha dunia ya kwanza, ambayo ndiyo uliyokuja kuiuliza.

---

kijana_wa_gati

Nimesimama pale kwenye jukwaa pana la 1-1 na Shemum wanne wanne. Mioyo 140, sijadondoka. Nafika 1-2 nitawaambia mstari umekuwa mingapi.