Waliofika Bujora: mliingia kutazama au kusali? Tupeane uzoefu

Kijana wa Sengerema: Wakuu, salaam. Nina wageni kutoka Dodoma, nataka kuwapeleka makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Mmoja ananiambia ni makumbusho, mwingine ni parokia. Mliofika, leteni stori.

Mama Kulwa: Vyote viwili, mdogo wangu. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alifika miaka ya 1950, akajenga kanisa la duara kama msonge wa Kisukuma. Altare ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Tabernakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ni kijumba cha Kisukuma, mlangoni ngao na mikuki. Mimi nimekulia parokia yenye Bikira Maria wa macho ya bluu, kwa hiyo nilizubaa pale mlangoni. Bibi niliyekwenda naye wala! Aliitazama altare, akasema, "Kumbe Yesu naye ni mtemi," akapiga goti. Hapo hata maelezo ya mwongoza wageni sikuyasikiliza tena.

Ngosha wa Magu: Mimi Mwislamu, nilikwenda na shule. Kanisani nilichungulia kwa adabu, nikatoka. Kilichonikamata ni ngoma za watemi, na lile banda la vyama vya wachezaji. Babu yangu alikuwa wa Bagika, kimoja cha vyama viwili vikubwa vya ngoma vinavyoshindana. Mwenzangu wa upande wa pili, chama cha Bagalu, akaanza kunitambia mlemle ndani, mpaka mwalimu akatutenganisha. Wazee wetu walishindana uwanjani, sisi tukashindana mbele ya michoro!

Dereva Igoma: Nendeni Juni, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, karibu na sikukuu ya Ekaristi. Kunakuwa na maandamano ya Ekaristi, halafu ngoma. Mgeni wangu mmoja alitaka sana picha ya mchezaji na chatu. Alipoambiwa asogee, akarudi kwenye gari.

Mama Kulwa: Ila Juni hamtatazama chochote kwa nafasi, watu wanafurika. Na kama ni Jumapili, simu mfukoni. Niliwahi kuona kikundi kinapita mbele ya altare kinajipiga picha huku watu wanasali. Vile vitu havipo kabatini jamani, vinatumika.

Kijana wa Sengerema: Basi Jumamosi. Mama mkwe ni Mlutheri, kusali au kutazama ataamua mwenyewe.

Ngosha wa Magu: Achague anavyotaka. Ila kwenye ngoma, mwambie Bagika.