Jezi ya hisani imekwisha kabla mikoa haijaipata: tumewachangia wagonjwa au walanguzi?

Shabiki wa Mwanga, Kigoma

Ndugu wanamichezo, nawasalimu kutoka Kigoma.

Klabu ninayoishabikia, yenye makao yake Dar es Salaam na ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kuichafua, ilitangaza kuwa itauza jezi maalumu za hisani kwa idadi ndogo, na kwamba faida yote itagharimia matibabu ya watoto wanaougua saratani. Tangazo hilo lilitugusa wengi huku. Yupo mama mmoja muuza dagaa ambaye alitenga fedha mapema ili awanunulie wanawe wawili, si kwa sababu walikosa nguo, bali kwa sababu amewahi kuuguza mtoto mbali na nyumbani na anaijua gharama yake.

Siku ilipofika, jezi ziliuzwa kwa njia ya simu na katika duka moja tu la Dar es Salaam. Waliojaribu kulipia kutoka huku walijibiwa kuwa mzigo umekwisha, na wengine walikatwa fedha kwanza, wakarudishiwa baadaye. Jioni ileile jezi hizo zilikuwa zikitangazwa mitandaoni na watu binafsi kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na waliopanga mauzo hayo walijua kuwa hakuna mtu wa Kigoma atakayesafiri umbali huo kwenda kupanga foleni dukani.

Linaloniuma si kukosa jezi. Tuseme imeuzwa shilingi 40,000, kisha mlanguzi akaiuza 100,000. Shabiki ametoa 100,000 akiamini kuwa anamchangia mtoto mgonjwa, kumbe 60,000 kati ya hizo zimeishia kwa mtu ambaye hakukusudia kumsaidia yeyote. Ikiwa lengo ni kuchangisha, kwa nini idadi iwekewe ukomo wakati watu wako tayari kulipa? Naomba wenye uzoefu wa matawi au wa biashara ya jezi watueleze kama ipo sababu ya msingi.

Muuza Vifaa vya Michezo, Tabora

Ndugu yangu, malalamiko yako ni ya haki, ila naomba nieleze upande wa biashara bila kuutetea utaratibu huo.

Anayeagiza jezi hukilipa kiwanda kabla hajauza hata moja. Jezi ya kawaida ya ligi inaweza kuuzwa msimu mzima, lakini jezi ya hisani imefungwa na tukio lake. Tukio likipita hamu ya wanunuzi hupungua, na zile zitakazobaki zitakula faida ileile iliyokusudiwa kwa wagonjwa. Kwa hiyo woga wa kuagiza nyingi una msingi. Dawa yake ipo, na sisi wauzaji wadogo huitumia kila mara tunapotengeneza jezi za mashindano ya kata au za shule: unapokea oda pamoja na malipo kwa muda uliotangazwa, unafunga orodha, ndipo unakipa kiwanda idadi kamili ya kila saizi. Mnunuzi atasubiri, tena huenda akasubiri sana, lakini akiambiwa tangu mwanzo husubiri bila kinyongo. Mlanguzi naye hukosa soko, kwa sababu kila aliyeitaka ameshaagiza ya kwake.

Liko jambo jingine ambalo mashabiki hatuliulizi. "Faida yote" maana yake ni kile kinachobaki baada ya kulipia kiwanda, usafirishaji na kodi. Katika mfano wako, kinachomfikia mtoto si 40,000 bali ni sehemu tu ya fedha hiyo, na inawezekana kabisa kwamba mlanguzi amepata kuliko mgonjwa. Klabu ingetaja kwenye tangazo lenyewe ni shilingi ngapi zitatoka katika kila jezi.

Mkazi wa Ujiji

Mimi naona uchache wenyewe si kosa; kosa ni kuuza kitu adimu kwa bei moja iliyopangwa. Uingereza, kila mwezi wa Novemba, klabu za ligi kuu huvaa jezi zenye ua jekundu la kuwakumbuka wanajeshi, kisha zile zilizovaliwa na wachezaji hupigwa mnada na fedha huenda kwa shirika la Royal British Legion. Hapo mwenye uwezo hupandisha bei, na kila shilingi anayoongeza inakwenda kwenye hisani badala ya kwenda kwa mchuuzi wa pembeni.

Jezi ya watu wote nayo ina njia yake. Mwaka 2006 Barcelona waliweka jina la UNICEF kifuani na, badala ya kulipwa kama ilivyozoeleka, wao ndio waliotoa euro milioni 1.5 kwa mwaka. Mchango ulijulikana tangu mwanzo na haukumtegemea nani aliwahi kubonyeza simu. Klabu zetu hazina fedha za kiwango hicho, lakini zinaweza kuahidi kiasi chake na kukitimiza.

Katibu wa Tawi, Kigoma Mjini

Nimezisoma hoja zote, na kama kiongozi wa tawi naungana zaidi na ndugu yetu wa Tabora. Matawi yapo na yanatambuliwa. Tunakusanya ada za uanachama na kuratibu safari za mashabiki, hivyo hatuwezi kushindwa kukusanya majina, saizi na malipo ya jezi, kisha mzigo ukaja kwa basi. Fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa hapa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika mwezi Julai 2021. Baada ya hapo sioni kwa nini mkoa huu uonekane uko mbali mno kufikiwa na jezi.

Nawasihi wanachama wasinunue kwa walanguzi. Mbali na bei, zimeanza kuonekana jezi feki zenye nembo ileile, na kwa hizo hospitali haipati hata senti. Anayetaka kuchangia sasa aende hospitali husika, alipie kwenye akaunti rasmi na adai risiti.

Tutaiandikia klabu barua kupitia tawi tukiomba oda zipokewe mapema kwa mgao wa matawi. Mwenye ujumbe wa muamala uliokataliwa asiufute. Auwasilishe ofisini ili uambatanishwe.

Shabiki wa Mwanga, Kigoma

Nashukuru sana, Katibu. Nitauleta wa kwangu na nitawahimiza wenzangu wa Mwanga. Naomba barua hiyo iiombe klabu pia itangaze hadharani kiasi ilichokabidhi hospitalini na tarehe ya makabidhiano, kwa sababu hata waliobahatika kuipata jezi bado hawajaelezwa fedha yao imefika wapi.