Matatu ikiua mtu, lawama ni ya dereva peke yake?

MwanaKisauni
Assalam aleikum jamaa. Kila matatu ikiua mtu barabara ya Mtwapa, neno la kwanza ni "dereva alikuwa mbio", basi. Dereva anapelekwa kortini, gari linaburutwa hadi kituo cha polisi, na kesho yake gari jengine la sacco ile ile (chama cha wenye matatu) linapita pale pale kwa mwendo ule ule. Nauliza wenye kuijua kazi: ukiifuata ajali kinyumenyume kuanzia pale mtu alipogongwa, unamkuta nani? Tafadhali tusiishie kwenye "sote tuna makosa". Nataka nijue nini hufanyika, na nani aliyeamua.

Usukani_Buxton
Kaka, anza na hesabu ya jioni. Tajiri, yaani mwenye gari, hatoi mshahara. Anataja kiasi chake, kinachobaki ni cha dereva na makanga, yaani konda. Nitatumia tarakimu za mfano tu. Viti 14, nauli 80, tripu ikijaa ni 1,120. Tripu 10 ni 11,200. Toa 4,000 za tajiri, mafuta 320 kwa tripu, yaani 3,200, na 800 za steji (kituo cha matatu) na vidogo vidogo. Wanabaki na 3,200, kila mmoja 1,600.

Sasa foleni imekula tripu mbili. Tripu 8 ni 8,960. Tajiri bado ni 4,000, mafuta 2,560, steji 800. Wanabaki na 1,600, kila mmoja 800. Tripu zimepungua moja katika kila tano, riziki imekatika nusu, na ya tajiri haikuguswa hata senti. Dereva anayewapita watu Bombolulu saa kumi na mbili jioni anazitafuta tripu hizo mbili.

Na kwa kasi hazipatikani. Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 ni dakika 12, kwa 80 ni dakika 7 na nusu. Umeokoa dakika nne na nusu, kisha unafika steji unakaa dakika ishirini ukingoja kujaza. Faida iliyobaki ni kumtangulia mwenzako ukamchukulia abiria wake. Ndiyo maana matatu inapita kushoto, magurudumu mawili juu ya changarawe, halafu inafunga breki ghafla mbele kidogo kwa sababu mtu mmoja amenyoosha mkono.

Kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za 2014 zinataka mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi. Sheria ya trafiki nayo inakataza kuendesha PSV, yaani gari la abiria, zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Anayetoa gari saa kumi na moja alfajiri na kulilaza saa tatu usiku ana saa 16 kazini. Toa nne za kungoja steji, bado ni 12.

FundiBreki_Jomvu
Mie nawapeleka chini ya gari. HiAce nyingi zina valvu ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma, imeungwa na ekseli kwa kijiti cha chuma. Gari likibeba, bodi inashuka, kijiti kinaisukuma valvu, breki za nyuma zinapata presha zaidi. Gari likiwa tupu valvu inabana, magurudumu ya nyuma yasije yakakwama na gari likageuka.

Sasa mwenye gari anataka libebe kupita kiasi bila kukaa chini. Anaongezewa majani mawili ya springi, yaani vile vyuma bapa vinavyopangwa juu kwa juu. Bodi inabaki juu hata gari likijaa pomoni, na valvu inalihesabu kuwa ni tupu. Breki za nyuma zinashika kidogo, kazi yote inaangukia mbele. Pedi zinaisha upesi, diski zinabadilika rangi kwa moto, na siku ya kuhitajika dereva anakanyaga na gari halisimami. Wengine wanaiondoa valvu kabisa na kuunga paipu moja kwa moja. Hilo ni baya zaidi: siku ya mvua, gari tupu, mkia unateleza unataka kutangulia. Ukigusa springi, rekebisha kijiti kwa kipimo cha kitabu cha gari na presha ipimwe kwa geji. Kijiti kilichofungwa kwa waya kikionekana, gari lisitoke.

La pili, oili ya breki. Inanyonya maji hewani, na hewa yetu hii ya Pwani mnaijua. DOT 3, aina moja ya oili hiyo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 na kitu. Gari linashuka Mazeras kuelekea Miritini, mguu haujatoka kwenye breki. Joto linafika kwenye kaliperi, kile kinachozibana pedi kwenye diski, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni. Gari likipoa, pedali inarudi kama kwamba hakuna kilichotokea, na anayelikagua baadaye anaziona breki nzima. Hapo dereva anaitwa mwongo. Oili ibadilishwe kila miaka 2. Ukiniuliza mie, hapa Mombasa kila mwaka. Na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Springi hazikuongezwa na dereva, hana pesa wala ruhusa hiyo. Aliyeamua ni mwenye gari, aliyefunga ni fundi. Mafundi wenzangu, hiyo ni yetu.

BiMikindani
Ami fundi, ahsante, lakini msimtoe dereva. Mguu ni wake.

Watu wanaitegemea gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo, na gavana inakata kwa 80. Mjini mwisho ni 50. Gari linalopita sokoni kwa 75, gavana imenyamaza kabisa, haina habari kama hapo ni Kongowea ama ni Mariakani. Kwa mwendo wa 50, lami kavu, breki nzima, dereva akishtuka kwa sekunde moja, gari linasimama kwenye mita 28 hivi. Kwa 80 ni kama mita 58. Tena tazameni hili: pale gari la 50 liliposimama kabisa, lile la 80 bado linakwenda zaidi ya 70. Mtoto akitokeza nyuma ya tuktuk mita 28 mbele, dereva wa kwanza anampigia kelele, wa pili anamuua.

Aliyechora barabara naye yumo. Lami ya mita 14 bila kisiwa katikati, yaani pahali pa kusimama mwenye kuvuka, mtu mzima anaivuka kwa sekunde kama 12. Gari la 80 ndani ya sekunde hizo limekwenda zaidi ya mita 260. Mama mwenye mzigo kichwani hawezi kulikadiria likiwa mbali hivyo. Weka kisiwa, anavuka nusu nusu na kutazama upande mmoja tu kila mara. Na steji iwekwe baada ya kivuko, isiwe kabla. Matatu ikisimama kabla ya kivuko, anayeshuka anavuka mbele yake, na gari linalopita upande halimwoni hadi amefika mbele ya taa zake. Hili halina gharama kubwa, ni kuhamisha kibao na kuchora rangi.

SheriaTudor
Kwa ufupi. Sura ya 403, ndiyo Sheria ya trafiki, kifungu cha 46: kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya ni kifungo hadi miaka 10, na kifungu hicho kinamshika pia anayeacha gari vibaya barabarani. Kwa fidia, kifungu cha 8 kinasema aliyeandikishwa gari kwa jina lake ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vingine, na bima ya lazima ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Matokeo yake, dereva anakwenda jela, bima inalipa, na aliyetaja hesabu ya jioni harudi tena kutajwa. Familia ya marehemu ichukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya taarifa ya ajali, mapema.

MwanaKisauni
Nimeelewa. Usukani, hesabu hiyo inaweza kuwekwa vipi nyengine? Tajiri atasema makanga anamwibia.

Usukani_Buxton
Kwa asilimia. Rudi kwenye mfano: tripu 10, ukitoa mafuta na steji, ni 7,200. Asilimia 55 ya tajiri ni 3,960, wao 3,240. Siku ya foleni, tripu 8, zinabaki 5,600: tajiri 3,080, wao 2,520. Hasara imegawanyika, na dereva hana tripu ya kukimbilia usiku. Kuhusu wizi, nauli ilipwe kwa simu moja kwa moja kwenye namba ya sacco, tajiri aione kila tripu inavyoingia. Za mkononi zitabaki, lakini hesabu ya viti na tripu itaonyesha pengo. Aanze na gari moja kwa miezi mitatu, aandike mafuta, pedi na tairi kando, kwa sababu gari lisilokimbizwa linakula kidogo vyote vitatu.