Watoto wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya): nyumbani kwenu mliishije msimu wa mtihani? Tupeane uzoefu

Mama wa Langoni
Asalam aleikum jamaa. Binti yangu yuko Kidato cha Nne na Novemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Tangu apate C- kwenye moki, hali kitu. Saa nane za usiku taa inawaka, stima ikipotea anawasha tochi ya simu. Asubuhi tumbo linamuuma. Akipita barazani wazee wanamtania, "Daktari wetu huyo!" Akifika ndani analia. Nyinyi wenu mliwafanyaje? Nataka yaliyowapata, mawaidha ninayo tele.

Nahodha Matondoni
Wangu wa kiume alikuwa hivyo hivyo. Mimi nikidhani nasaidia, kila nikitoka bahari namuuliza, "Leo umesoma nini?" Ijumaa moja baada ya sala nikamchukua mashuani tukatupe mishipi. Neno la shule sikulitaja. Tumekaa hata maji yakaanza kujaa, ndipo akasema, "Baba, umeuza mashine ya boti kwa karo yangu. Nikifeli je?" Kumbe alinisikia usiku nikimlalamikia mamake. Nikamwambia mashine ilikuwa yangu, na hasara ikiwapo ni yangu. Usiku ule alilala kabla ya saa nne. Alipata C+, sasa yuko Mombasa anasomea umeme. (Samaki hatukupata, changu wawili tu.)

Maalim wa Mokowe
Nafundisha Kiswahili. Nilikuwa na msichana mzuri wa insha, na kila mtihani anaanguka. Karatasi ya Insha ni dakika 105, insha mbili, ya kwanza ni ya lazima, na kila moja ina alama 20. Yeye ile ya kwanza aliipamba saa nzima na robo, ya pili ikapata aya moja na jasho. Nikaning'iniza saa ukutani: dakika 5 za kuchagua na kupanga, 45 kwa kila insha, 10 za kusoma upya. Wiki mbili za mwanzo alikasirika nikimwambia weka kalamu. Ya tatu mkono ukaacha kutetemeka. Sikumwongezea akili wala sikumkesheza.

Fundi Shela
Mimi nilipata D+. Babangu hakunisemesha wiki tatu. Siwezi kuwadanganya kuwa mtihani si kitu: nilitaka ualimu nikaukosa, na nikiwaona wenzangu wakienda kazini asubuhi bado huniuma. Leo nachonga milango na nakula vizuri. Ila zile wiki tatu, kumpa mzee salamu asiitikie, hizo ndizo nilizobaki nazo. Alikufa hatujazizungumza.

Nyanya Mkomani
Wanangu, sisi mjukuu tulimwandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani na marashi mawaridi, akanywa kwa bismillahi. Moyo ukatulia kweli. Mamake naye akaingia na lake: "Haya, sasa hata ukifeli huna udhuru!" Mtoto akakimbilia chooni akalitapika lote.

Nahodha Matondoni
Bi mkubwa, nimecheka na nimehuzunika pamoja.

Fundi Shela
Mama wa Langoni, hebu muulize binti anaogopa nini hasa. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mama wa Langoni
Nimesoma yote, shukran. Jana nilikwenda barazani mwenyewe nikawaomba wazee wamwite kwa jina lake. Mmoja amenuna, yatamwisha. Usiku nikamuuliza binti kama alivyosema Fundi. Nilitarajia aniambie habari ya udaktari. Akaniambia: Kemia, karatasi ya tatu, ile ya maabara. Bureti ameishika mara mbili tu tangu aingie shule, wanaishika wanafunzi kumi kwa moja. Miezi yote hii nikimpikia uji wa usiku, na kinachomkesha ni mrija wa glasi wa kupimia! Je, kuna mwalimu wa Kemia humu aliye hapa Amu (Lamu), mwenye nafasi Jumamosi? Nauli ya boti juu yangu, na viazi vya karai vitakuwapo.